Maziwa ya Siku Saba

Mimi nilichoka mapema. Wenzangu walichoka uzeeni, baada ya kulea na kuzika. Mimi nilichoka nikiwa na miaka ishirini na tano, mwalimu wa madarasa mawili ndani ya chumba kimoja, skuli ya Mkokotoni, nusu ya watoto wakifanya hesabu na nusu wakingoja zamu yao kwa makelele. Asubuhi chaki, mchana chaki, jioni nakohoa chaki. Nilikuwa mtoto wa mjini. Nilizaliwa Mkunazini, mama yangu akafa nikiwa bado mchanga, nikalelewa na shangazi yangu Malindi. Nilipomaliza ualimu sikuulizwa napenda kupelekwa wapi. Nikapanda gari la abiria na kisanduku changu cha bati, nikateremka penye soko la samaki, nikaambiwa hapa ndipo.

Ilikuwa miaka ya hamsini, na kila barua iliyotoka mjini ilikuja na jambo jipya la kufanya. Sikumbuki hata moja iliyokuja na jambo la kuacha. Barua ninayotaka kuieleza ilifika mwezi wa Rajabu. Ilitaka tuwe na siku moja ambayo wanafunzi na wenyeji watasimama mbele za watu na kusimulia jambo lililowatokea wao wenyewe. Mwalimu mkuu aliisoma mara mbili, akaikunja, akanipa mimi.

"Wewe wa mjini," akasema, "utajua wanataka nini."

Nilitaka kumwambia kwamba sijui wanataka nini na kwamba nimechoka. Lakini kwetu Unguja kuna kitu kinaitwa muhali. Muhali ndio unaomfanya mtu apokee sahani ya pili ya wali na tumbo limeshajaa, au akubali safari asiyoitaka kwa sababu aliyemwomba ni mtu mzima. Nimeishi na muhali maisha yangu yote, na kama kuna kitu kilichonizeesha ni hicho. Nikasema, "Inshallah, Mwalimu," nikaichukua barua yake.

Kazi yenyewe ilinishinda tangu siku ya kwanza. Si kwamba watu wa pale hawakujua kusimulia. Wakikaa barazani wanasimulia mpaka kahawa inapoa. Ila hakuna aliyekubali kusema "mimi". Kila jambo lilimtokea mtu mmoja. "Palikuwa na mtu mmoja alivuka kwenda Tumbatu, akasahau kule kilichompeleka." Ukimtazama usoni unajua kwamba huyo mtu mmoja ndiye yeye, na wote waliokaa naye wanajua, lakini adabu inataka wajifanye hawajui. Aibu ya mtu haitajwi kwa jina hata na mwenyewe. Basi mimi nikawa kila jioni napita nikiwaambia: barua inataka mimi, haitaki mtu mmoja. Wanafunzi ndio niliowasumbua zaidi. "Sema mimi. Usikate. Sema lote uliloliona." Walinitazama kana kwamba nimewaambia waje skuli bila nguo.

Wakati huo nilikuwa na mchumba. Alikuwa binti wa nyumba moja ya nyuma ya soko, na mume wa shangazi ndiye aliyekuja kuniposea, kwani baba yangu naye alikuwa ameshafariki. Posa ilikubaliwa na harusi ikawekwa Mfungo Mosi, Ramadhani ikishakwisha. Nilikuwa simjui, kama ilivyokuwa desturi. Nilimwona mara nne akienda kisimani na wenzake, kanga imeshuka mpaka kwenye paji la uso na pembe yake ameiuma kwa meno. Nilichokijua ni macho na kicheko. Kisima kilikuwa nyuma ya skuli, kwa hiyo kicheko kile nilikisikia hata nikiwa ubaoni, na sisemi uwongo nikisema ndicho kitu pekee cha Mkokotoni kilichokuwa hakinichoshi.

Wanawake watakaosimulia walitafutwa na mke wa mwalimu mkuu. Aliponiletea orodha nikaona na mama mkwe wangu mtarajiwa yumo. Nikaona haya. Mkwe hukutani naye macho kwa macho, achilia mbali kumfundisha namna ya kusema. Lakini kazi ni kazi, nikamwomba mke wa mwalimu mkuu ampelekee salamu na maneno yale yale: aseme mimi, na asikate. Ndiyo niliyoyasema, kwa kinywa changu mwenyewe.

Siku ilikuwa Ijumaa, baada ya sala ya alasiri. Tulitoa madawati nje, tukatandika majamvi. Wanaume walikaa upande wa mlango, wanawake upande wa dirisha, na katikati tukatundika kamba na shuka mbili zilizoungwa, ili mwanamke akisema asikike asionekane. Mimi nilikaa kwenye meza ndogo pembeni mwa shuka, na karatasi na kalamu, kwa sababu barua ilitaka na kumbukumbu.

Walianza wanafunzi watatu. Nilivyowahimiza kote kule, wote watatu walimalizia kwa maneno ya kitabu cha kusomea: "Tangu siku ile nikajifunza kuwatii wazazi wangu." Hata yule aliyesimulia alivyofukuzwa na punda. Akafuata mnadi samaki wa sokoni, akaeleza alivyopotewa na sauti mwezi mzima akawa ananadi kwa vidole. Kwa mazoea alisimulia kwa mbio za mnada, na mara mbili akatuuliza kama yuko anayeongeza. Watu walicheka hadi wakapangusa machozi. Mimi niliandika, nikapiga miayo kwa siri, nikawa nahesabu waliobaki. Walibaki wawili. Nilikuwa nataka kwenda kulala tu.

Zamu ya mama mkwe wangu ikafika.

"Mimi," akasema kutoka nyuma ya shuka, kisha akanyamaza. Nikasikia wanawake wakimnong'oneza aendelee. "Mimi nilikuwa kijana bado, nna mtoto wangu wa mwanzo, keshapita arubaini. Mume wangu akaugua, akapelekwa hospitali mjini, nami nkamfuata. Nkafikia kwa jamaa yake, chumba cha chini, nyumba ya ghorofa."

Juu ya chumba kile, akasema, walikaa mtu na mkewe. "Yule bwana alikuwa fundi saa. Ukuta mzima saa, na kila saa na wakati wake. Hii yagonga saa nne, ile yagonga saa saba. Mie nkawa hata wakati wa sala siujui, nangojea adhana."

Wanawake wakacheka. Mimi kalamu ilisimama pale pale.

Baba yangu alikuwa fundi saa. Saa zote alizopewa kutengeneza alizitundika chumbani, Mkunazini kwanza na kisha Malindi tulikohamia, mpaka wenyewe waje wazichukue, na nilipokuwa mdogo nilidhani nyumba zote duniani zinagonga hivyo. Pale Mkokotoni hakuna aliyelijua hilo. Kwao mimi nilikuwa mwalimu, yatima wa mjini, basi.

Yule mke wa fundi, akaendelea mama mkwe, alikuwa ametoka kujifungua, homa ikamkamata, maziwa yakakauka. Mtoto akawa analia, na sakafu ilikuwa ya mbao, kilio chote kinashuka chini. "Nlivumilia siku moja. Kila akilia, maziwa yangu yatoka yenyewe, nguo yote imerowa. Siku ya pili nkapanda ngazi. Mwenyewe hana nguvu hata ya kusema. Alinitazama, akamfunua mtoto kanga kwa kidole. Nkamtwaa. Alinyonya kwa pupa hata nkacheka."

Alimnyonyesha siku saba, wa kwake ziwa hili, yule ziwa la pili. Siku ya nne mgonjwa akapata nafuu kidogo, akamwambia maneno, na maneno hayo mama mkwe aliyarudia taratibu, kama mtu anayerudisha amana: "Dada, ikiwa sikuinuka, wasimfunge sana mwanangu. Yeye apenda mikono yake iwe nje."

Naomba nieleweke hapa. Habari za mama yangu nilikuwa nazo nyingi: mrefu, mcheshi, mpishi mzuri wa mkate wa kumimina. Zote zilikuwa habari za watu juu yake. Neno lake mwenyewe sikuwa nalo hata moja. Nikalipata siku ile, kwenye kibanda cha skuli, mbele ya mnadi samaki, na kalamu mkononi.

"Siku ya saba akafa," mama mkwe akasema. "Na asubuhi ile ile mume wangu karuhusiwa hospitali, gari yangoja, shemeji anihimiza. Nkaondoka maiti haijatolewa. Jina la mtoto sikulishika, wakimwita Bwana Mdogo tu. Nlirudi baada ya miezi kumtafuta, jamaa yetu keshahama, na juu wamo watu wengine." Akavuta pumzi. "Nayasema haya si kwa kutaka kusifiwa. Nna mabinti, na yule ni ndugu yao. Asaa pana mtu amjua mtoto wa fundi saa, naaniambie. Maana mie ntakwenda kuulizwa na Mungu."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mwanamke akimnyonyesha mtoto wa mwenzake, yule mtoto huwa wake, na wanawe huwa ndugu zake, na kuoana kwao ni haramu sawasawa na waliotoka tumbo moja. Ndiyo maana wanawake wa kwetu jambo hili hawalifanyi kwa siri. Majirani huambiwa, na watoto huambiwa tangu wadogo: yule nduguyo, msije mkasahau. Mama mkwe wangu alikosa wa kumwambia, akaubeba mzigo ule miaka ishirini na mitano, mpaka mimi nikamtumia salamu kwamba asikate.

Mwalimu mkuu akasimama, akauliza kwa upole, "Yupo anayejua habari za mtoto huyo?"

Shuka ilikuwa karibu yangu kiasi cha kunyoosha mkono. Nikaandika "Mwisho" kwenye karatasi, nikamwita msimulizi aliyefuata.

Jumapili nilikwenda mjini kwa shangazi. Nilimkuta anachambua mchele. Nikamwuliza kama palikuwa na mtu aliyeninyonyesha mama alipokuwa mgonjwa.

"Alikuwapo mwanamke wa shamba, chumba cha chini," akajibu bila ya kuinua macho. "Mie nilitoka Pemba nikakuta keshaondoka. Babaako hakukwambia?"

"Hakuniambia."

"Lo! Mie nilidhani kakwambia."

Na baba, nina hakika, alidhani mambo ya maziwa ni ya wanawake na kwamba shangazi ameshanieleza. Kila mmoja alimwachia mwenzake, kwa adabu, na mimi katikati nikaposa. Shangazi akaacha kuchambua, akaniuliza naulizia nini. Nikamwambia naulizia tu. Siku zile nilikuwa hodari wa kusema "tu".

Kutoka pale nikapita msikitini, nikamngojea sheikh aliyenisomesha Kurani chuoni utotoni. Nikamwambia yupo mtu mmoja ana mashaka. Ndiyo, mtu mmoja. Mimi niliyewakataza kijiji kizima. Sheikh akanisikiliza hadi mwisho. Akasema yahesabiwa mara tano za kushiba, kabla mtoto hajatimiza miaka miwili, na zikithibiti hakuna njia. Mimi nikifundisha hesabu. Siku saba za mtoto mwenye njaa hazihitaji ubao.

"Na huyo mtu mmoja," sheikh akauliza, akivaa viatu vyake, "anakula vizuri? Anaonekana kakonda."

Nikarudi Mkokotoni, na sikumwambia mtu. Rajabu ikaisha, ikaingia Shaabani. Nilisomesha, nilisahihisha, nilikula bila ya kujua nimekula nini. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa kila akiniona ananipa habari: mkeka umeshasukwa, godoro lishashonwa, liwa ya kumsinga bibi harusi ngozi ing'are ishatafutwa. Nami najibu, "Inshallah." Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia baba kaburini, shangazi na mchele wake, yule aliyeandika barua ile mjini kwa kukosa kazi, na zaidi nilijikasirikia mwenyewe. Kicheko cha kisimani kikawa kinanitoa machozi, nikawageuzia watoto mgongo nikijifanya naandika ubaoni.

Nilipiga mahesabu yote ya mwoga. Hakuna anayejua ila mimi na shangazi, na shangazi hajui kwamba anajua. Nikinyamaza tutaoana, tutazaa, tutazeeka. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nilikuwa nimeshaanza kuumbuka nikiwa hai. Nilipomaliza hesabu zile niliona kwamba nitakaa na mama yule miaka yote nikimwita mkwe, naye kila mgeni wa mjini atamwuliza habari za mtoto wa fundi saa, na mimi nipo ubavuni namega mkate.

Hata leo sijui nilikwenda kwa kumcha Mungu au kwa kutaka kusikia zaidi habari za mama yangu. Nilikwenda. Zilibaki siku tatu Ramadhani iandame, jua lilikuwa bado kali, mume wa mama mkwe yuko sokoni. Mposaji haendi nyumbani kwa wakwe vile, peke yake, mchana. Nikapiga hodi.

"Karibu. Nani?"

"Mimi, mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba." Sauti yake ikaingia wasiwasi. Mlango ulikuwa wazi nusu, na yeye akakaa nyuma ya ubao wake nisimwone, kama ilivyompasa. "Kuna nini, Mwalimu? Kwema huko?"

Uani nilisikia mtu anatwanga. Nilijua ni nani.

"Kwema. Nimekuja kuuliza. Yule mtoto uliyemsimulia siku ile skuli. Ulimnyonyesha mara ngapi?"

Akacheka kidogo. "Siku saba, mchana na usiku, nani ahesabu? Waniulizia nini?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi njiani, yenye mtu mmoja ndani yake, yenye kuzunguka. Yote yakanipotea.

"Babaangu alikuwa fundi saa," nikasema. "Tulikaa Mkunazini. Mamaangu alikufa nikiwa na siku chache. Mimi ndiye."

Mchi ukanyamaza uani. Kisha mlango ukafunguka wote. Akatoka, kanga iko mabegani, kichwa wazi, nywele zimeingia mvi, mwanamke mfupi niliyekuwa sijapata kumwona sura. Hakujifunika. Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza akaitazama, viganja na migongo, kama mikono ya mtoto mchanga. Akalia kwa sauti. Nami nikalia, nikiwa nimesimama kizingitini pa watu.

"Kwa nini hukusema siku ile?" akauliza.

Akageuka akatazama uani, na hapo ndipo nilipoona ameelewa lote, la furaha na la pili yake. Alikaa kitako juu ya mkeka, akajifuta uso kwa kanga, akashusha pumzi ndefu. Alikuwa amechoka kama mimi. Kisha akaniuliza swali ambalo mama huuliza akiwa hana jengine la kusema.

"Umekula?"

"Bado."

Akaita uani. Hakumwita kwa jina, na mimi sitalitaja. "Njoo. Mletee kakaako maji anawe."

Akaja na birika na bakuli. Kanga ilikuwa mabegani kwake pia. Nilikuwa nimemposa miezi mitano na sikupata kumwona ila macho. Sasa nilimwona sura nzima, paji la uso, mdomo, kovu dogo kidevuni, kwa sababu sasa ilikuwa halali. Alikuwa mzuri kuliko nilivyokisia. Hakucheka. Alipiga magoti mbele yangu, akayaelekeza maji kwenye mikono yangu, na mama yake alipoinuka kwenda jikoni akasema chini chini, bila ya kunitazama:

"Ungenyamaza tu."

Maji yalikuwa bado yanamiminika, nikanawa.